Mzee apimwe akili kwa lugha na maisha yake

Akili haina ratili wala futi. Daktari akitaka kujua kama mfupa umevunjika hupiga picha, na akitaka kujua kama mtu ana malaria huchukua tone la damu. Lakini anayetaka kujua kama kumbukumbu ya mzee inafifia hana budi kumwuliza maswali, kumpa kazi ndogo ndogo za kufanya, kisha kuyapima majibu yake. Sasa basi, swali lina lugha yake, na kazi nayo ina kwao. Swali lililotungwa Boston likaulizwa Ekerenyo laweza kumfanya mtu mzima aonekane mgonjwa. Ni jambo ambalo walimu na wanafunzi wa Kisii na Nyamira, kaunti mbili ambazo kwa mujibu wa sensa ya 2019 zina wakazi zaidi ya 1,870,000, wanapaswa kulitafakari, maana athari zake zinawafika babu na nyanya zao.

Kazi hii ya kupima fikira, kumbukumbu na utambuzi ni ya wanasaikolojia wa ubongo. Mgonjwa aliyepata kiharusi, aliyeanguka kutoka kwenye bodaboda akaumia kichwa, mwenye kifafa, au mzee aliyeanza kupotea njia, hufikishwa kwao ili wabainishe ni kipi kilichoharibika na ni kipi kilichosalia. Humsomea maneno kadhaa, wakamtaka ayataje papo hapo, kisha ayataje tena baada ya nusu saa. Humwonyesha picha azitaje majina, humpa mchoro aunakili, humtaka ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Mwishoni hulinganisha alama zake na za watu wazima wa afya wenye umri na elimu kama yake. Ulinganisho huo ndio moyo wa kazi yote. Ukimlinganisha mtu na wasio wenzake, hesabu nzima imekwenda upogo.

Vipimo vifupi vinavyotumika zaidi ulimwenguni vilitungwa mbali na hapa. Kimoja kilichapishwa Marekani mwaka 1975, na kingine kilichotungwa Montreal, nchini Kanada, kikachapishwa 2005. Kila kimoja kina jumla ya alama 30. Ni vyombo vizuri huko vilikozaliwa. Lakini kile cha 1975 humwuliza mtu ni majira gani ya mwaka, kikiwa na nia ya yale manne ya Ulaya na Marekani, na humwuliza yuko katika ghorofa ya ngapi. Mzee wa milima ya Gusii, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, anajua wakati wa kupanda mahindi na wakati wa kuvuna wimbi. Majira ya theluji hayajui. Kile cha Montreal humtaka akumbuke maneno matano, mojawapo likiwa mahameli na jingine ua la bustani za Ulaya. Neno usilolijua hulisahau upesi kuliko neno ulilokua nalo.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya hayo ni tafsiri. Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Chukua jaribio la kukariri tarakimu, ambalo wengi hulidhani halina utamaduni wowote. Mpimaji husoma tarakimu moja moja, na mgonjwa huzirudia kwa mpangilio ule ule. Kwa Kiingereza karibu kila tarakimu ni silabi moja tu. Kwa Ekegusii, saba ni isano na ibere, yaani tano na mbili, na nane ni isano na isato, yaani tano na tatu. Hizo ni silabi saba kwa tarakimu moja. Wachunguzi waliolinganisha Kiwelshi na Kiingereza mwaka 1980 walionyesha kwamba lugha ambayo tarakimu zake huchukua muda mrefu kutamkwa humpunguzia msemaji idadi ya tarakimu anazoweza kuzishika kichwani. Isitoshe, mzee akisikia isano na ibere katikati ya orodha, atajuaje kama ametajiwa saba, au tano ikifuatwa na mbili? Akikosea, kosa ni la kumbukumbu yake au la jaribio?

Mfano wa pili ni saa. Mgonjwa hutakiwa achore uso wa saa, aweke mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Kila msemaji wa Kiswahili anajua kwamba saa tano yetu ni pale palipoandikwa 11. Mpimaji akitafsiri kutoka Kiingereza neno kwa neno na kusema saa kumi na moja na dakika kumi, mzee mwenye akili timamu kabisa ataupeleka mshale kwenye 5, naye atakuwa sahihi. Karatasi ya alama, hata hivyo, itamhesabia kosa, na kosa la saa huchukuliwa kuwa dalili nzito.

Tena kuna suala la kalamu. Wanawake wengi wa umri mkubwa katika vijiji vyetu hawakubahatika kwenda shule. Kumpa penseli nyanya ambaye hajawahi kuishika, na kumwambia anakili mchemraba, ni kupima shule aliyonyimwa zaidi ya ubongo alio nao. Kipimo cha Montreal humwongezea alama moja mtu aliyesoma kwa miaka 12 au chini ya hapo. Alama hiyo moja anapewa sawasawa aliyemaliza sekondari na ambaye hakukanyaga darasani hata siku moja. Hebu tuwafikirie wachongaji wa Tabaka. Mzee anayeliangalia jiwe ghafi la sabuni na kumwona kiboko ndani yake, kisha akamtoa kwa patasi bila kuchora mstari, ana utambuzi wa maumbo ambao wengi wetu tuliosoma hatuna. Huenda akashindwa na mchemraba wa karatasini.

Wataalamu wenyewe wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Alexander Luria, Mrusi anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa taaluma hii, alikwenda Uzbekistan mwaka 1931 na 1932, akawakuta wakulima wasiosoma ambao walikataa kutoa hukumu juu ya mambo ambayo hawakuyaona kwa macho yao. Hawakuwa wajinga, walikuwa na desturi tofauti ya kufikiri. Hapa kwetu, Sara Nerlove pamoja na Ruth na Robert Munroe walichapisha mwaka 1971 utafiti juu ya watoto wa Kigusii, wakaonyesha kwamba wale waliozoea kwenda mbali zaidi na nyumbani walifanya vyema zaidi katika majaribio ya kutambua maumbo na nafasi. Aidha, mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake, akiwemo Frederick Okatcha wa Kenya, walichapisha matokeo ya utafiti miongoni mwa watoto wa Kijaluo, majirani zetu. Watoto waliozijua zaidi dawa za miti shamba walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya namna ya shuleni. Nani basi mwenye akili? Jibu linategemea umeuliza nini.

Mambo haya si ya kubishaniwa vyuoni pekee, kwa kuwa kosa la kupima lina sura mbili, na zote mbili huumiza. Sura ya kwanza ni kumwita mgonjwa asiye mgonjwa. Mzee akishaandikiwa kwamba akili yake imekwisha, neno lake juu ya shamba lake huacha kusikilizwa, na wapo jamaa wanaoingojea siku hiyo kwa hamu. Sura ya pili ni kutomwona mgonjwa aliye mgonjwa. Bibi kizee anayetoka nyumbani usiku, anayesahau nguo zake, anayeingia boma lisilo lake na kushindwa kujieleza, ana dalili zinazojulikana hospitalini. Kijijini dalili hizo hizo huweza kumpa jina la omorogi, yaani mchawi.

Itakumbukwa kwamba mwezi wa Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wakongwe, waliuawa Kisii kwa tuhuma za uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021 wanawake wazee wanne wakauawa huko Marani kwa tuhuma kama hizo. Sidai kwamba marehemu hao walikuwa na maradhi ya usahaulifu, wala sidai kwamba uhasama na tamaa ya ardhi havina nafasi katika mauaji ya aina hii. Ninalosema ni hili: jamii isiyo na njia ya kuaminika ya kuutambua ugonjwa wa ubongo imeacha mlango wazi, na hatujui mara ngapi kifo huupitia.

Kumpima mzee ipasavyo kunahitaji pia kuijua adabu yake. Wagusii wana chinsoni, heshima na haya inayotenganisha mzazi na mwanawe, mkwe na mkwewe. Hospitalini, mara nyingi anayeitwa kuwa mkalimani ni mwana au mke wa mwana. Mama atajibuje mbele ya mkaza mwanawe anapoulizwa kama bado anaweza kujiosha, au kama hujikojolea? Atanyamaza, na kimya chake kitaandikwa kuwa upungufu. Kwa desturi, mjukuu ndiye mwenye uhuru wa kuzungumza na kutaniana na nyanya yake. Mpimaji anayelijua hilo atamwita mjukuu. Atamsalimu omongina kama inavyostahili kabla ya kumhoji, atahakikisha kwanza kwamba anasikia na anaona vizuri, na atamwuliza juu ya migomba yake, chai yake na siku ya soko la Keroka.

Najua pingamizi lililopo. Wataalamu hawa ni wachache mno nchini, na kaunti zina mahitaji mengine chungu nzima. Je, tutapata wapi fedha za kutunga vipimo vya kila kabila? Ni hoja ya haki. Hata hivyo, mifano ya jirani yaonyesha kwamba gharama si mlima usiopandika. Huko Hai, katika mkoa wa Kilimanjaro nchini Tanzania, watafiti walitengeneza katika muongo wa 2010 kipimo kifupi kwa ajili ya wazee wa Afrika, wakiwemo wasiojua kusoma. Badala ya kuchora, mzee hunakili umbo kwa vijiti vinne vya kiberiti. Huko Kilifi, watafiti kama Penny Holding na Amina Abubakar walitunga vipimo vya ukuaji na akili za watoto kwa vitu na lugha za Pwani. Kilichowezekana Hai na Kilifi kitashindikanaje Nyamira?

Lakini tusivuke mpaka tukaangukia upande wa pili. Kusema kwamba kila kosa la mgonjwa ni utamaduni ni kumnyima tiba. Mkulima aliyesahau majina ya ndizi alizozipanda mwenyewe, mama anayepotea kwenye njia ya mtoni aliyoipita tangu alipoolewa, muuza sokoni aliyesifika kwa hesabu ambaye sasa hawezi kurudisha chenji, hao wana tatizo la kweli. Uzee peke yake hauleti hayo. Na si kila tatizo la namna hiyo halina dawa: tezi ya koo iliyolegea, upungufu wa vitamini B12, huzuni kubwa ya moyo, au hata dawa alizoandikiwa mtu kwa ugonjwa mwingine, vyote huweza kuvuruga kumbukumbu na vyote vina namna ya kushughulikiwa. Kipimo kilichojengwa juu ya maisha ya mtu hukamata dalili hizi mapema kuliko mchemraba.

Nini kifanyike? Hospitali za rufaa za Kisii na Nyamira zishirikiane na vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kisii, kukusanya majibu ya wazee wenye afya njema, waliosoma na wasiosoma, ili pawe na wenzao wa kuwalinganisha wagonjwa nao. Walimu wa lugha wana kazi hapa ambayo daktari hawezi kuifanya: kuchagua maneno ya Ekegusii ambayo kila mzee anayajua, yenye urefu unaolingana, na kutafuta njia ya kuepa mtego wa tarakimu. Wanafunzi wa vyuo vya ualimu wanaweza kufunzwa kuwahoji wazee kwa adabu. Na darasani, somo la afya litaje ubongo kama linavyotaja moyo na mapafu, ili mtoto akiona nyanya ya jirani anatangatanga usiku ajue kwamba ni mgonjwa, amshike mkono na kumrudisha nyumbani.

Mtoto huyo asipolisikia neno hilo shuleni, atalisikia jingine njiani. Na kundi la watu likishakusanyika langoni kwa bibi kizee, hapana tena nafasi ya kufundisha.