Kajiado haina mwaka wa kawaida

Mwaka 1964, watafiti waliokuwa wakichimba Loperot, Turkana, walikuta mifupa ya nyangumi. Kutoka hapo hadi Bahari ya Hindi ni kilomita 740. Mifupa ikapelekwa Marekani, ikapotea ghalani kwa miongo, ikaonekana tena mwaka 2011 katika Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka 2015 wanasayansi wakaeleza ilikuwa na maana gani: nyangumi huyo alipanda mto na kupotelea bara yapata miaka milioni 17 iliyopita, wakati sehemu hiyo ya Kenya haikuwa juu sana ya usawa wa bahari. Leo mahali alipofia pana kimo cha mita 620. Nchi iliinuka, na kuinuka huko kukachangia Afrika Mashariki kuwa kavu, nyasi zikichukua nafasi ya misitu. Kiumbe mmoja wa baharini ametupa kipimo cha nchi nzima kupanda. Wengi wetu bado tunadhani kazi ya visukuku ni kuwaburudisha wanafunzi siku ya ziara ya makumbusho. Mimi naona vinafaa kuwekwa mezani pa wapangaji wa ardhi, na meza ya kwanza iwe ya Kajiado.

Kaunti hiyo haihitaji kuazima ushahidi Turkana. Ukiteremka barabara ya Magadi hadi Olorgesailie utaona kuta za udongo mweupe kama chaki. Weupe huo ni magamba ya diatomu, viumbe vya majini vidogo mno kuonekana kwa macho, na kila tabaka lake ni ushahidi kwamba hapo palikuwa ziwa. Kati ya tabaka na tabaka kuna udongo wa nchi kavu na majivu ya volkano, kisha weupe tena. Watafiti Louis na Mary Leakey waliwasili mwaka 1942, na mashoka ya mawe waliyoyakuta yangali yametapakaa chini kwa mamia, mgeni akiyatazama kutoka kwenye daraja la mbao. Tangu 1985, Rick Potts wa Taasisi ya Smithsonian na wenzake wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya wamekuwa wakiyasoma matabaka hayo moja baada ya jingine. Kulikuwa na shida moja kubwa: mmomonyoko ulikuwa umekula takriban miaka 180,000 ya kumbukumbu, na humo ndimo mabadiliko makubwa yalimotokea. Kwa hiyo mwaka 2012 walihamia bonde jirani la Koora, wakatoboa ardhi mita 139 kwenda chini, wakatoa nguzo ya udongo yenye upana wa sentimita 4 tu, iliyobeba historia ya miaka milioni moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kwa muda mrefu mno mazingira yalikuwa tulivu kiasi. Kisha, kuanzia miaka 400,000 hivi iliyopita, mipasuko ya Bonde la Ufa iliikatakata nchi kuwa mabonde madogo, maji yakawa yanajaa na kukauka, nyasi na vichaka vikipokezana. Wala nyasi wakubwa, akiwemo nyani wa kale aliyewazidi mbali kwa ukubwa nyani tunaowajua, walitoweka. Waliobaki na kushamiri ni wanyama wenye maumbo madogo na wasiochagua sana chakula.

Binadamu nao walibadilika. Kabla ya hapo walichonga mashoka ya aina ileile kwa mamia ya maelfu ya miaka, karibu yote kwa mawe ya papo hapo. Katika matabaka ya baada ya mtikisiko, yaliyotangazwa mwaka 2018 na kukadiriwa kuwa na umri wa miaka 320,000 hivi, kuna zana ndogo zilizochongwa kwa ustadi, kuna rangi zilizosagwa, na kuna obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo, lililotoka kilomita 25 hadi 95. Mawe hayatembei yenyewe. Ama watu hao walisafiri mbali, ama walikuwa na jamaa wa kubadilishana nao ng'ambo ya milima, na inaelekea yote mawili. Katika nchi inayoyumba, aliyetegemea bonde moja alikuwa hatarini. Aliyejua njia ya kufika bonde la pili alikuwa na nafuu.

Sasa utazame mji wa Kitengela, katika kaunti hiyo hiyo. Mwenye ploti yeyote anaijua gharama ya udongo mweusi ambao mafundi huuita bleki kotoni: kiangazi unapasuka hadi mguu unazama, mvua ikinyesha unavimba na kuvunja sakafu, hivyo lazima uzolewe wote na kujazwa murramu kabla ya msingi. Udongo wa namna hiyo hutokea pale ambapo kulowa na kukauka hupishana kwa muda mrefu. Yaani ardhi yenyewe imesema tabia yake, na mjenzi akalipia somo. Lakini juu yake tumepanga kana kwamba hali haitabadilika. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa miaka ya 1980, vipande vikagawanywa tena, seng'enge ikafuata. Ukame wa 2009 ulipokuja, na ule wa misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana kuanzia mwishoni mwa 2020, ng'ombe walikufa kwa wingi huku njia za kuwapeleka kwenye malisho zikiwa zimezibwa na ua. Kisha, katika mvua za Machi hadi Mei 2024, maji yaliyokosekana yakaja yote kwa pamoja na kuwazingira watu ndani ya nyumba zao huko huko Kitengela. Kila mara tuliambiwa ni hali isiyo ya kawaida. Kwa mujibu wa matope ya Koora, kuyumba ndiko kawaida.

Kuna atakayesema kwamba miaka 400,000 ni mingi mno kumfaa afisa anayeandika mpango wa miaka mitano. Hoja hiyo ina uzito, ila inajibika bila kwenda mbali. Chini ya Ziwa Naivasha kuna matope yanayosimulia miaka 1,100 tu iliyopita, na utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha humo vipindi vitatu vya ukame mkali kuliko wowote wa karne ya 20. Cha mwisho kilianza karibu mwaka 1760 na kuishia karibu 1840. Hizo si Zama za Mawe, ni enzi za mababu wanaotajwa kwa majina. Huko Ziwa Magadi, samaki wadogo wanaovumilia maji ya moto yenye chumvi kali ni kizazi cha samaki wa ziwa lililokuwa kubwa zaidi na lenye maji baridi zaidi, na visukuku kwenye matope ya zamani kando ya ziwa vinaonyesha jamaa zao wa takriban miaka 10,000 iliyopita walikuwa na miili mikubwa kuliko wao. Mhandisi anayepima mfereji kwa takwimu za mvua za miaka 30 au 40 anatumia kipande kifupi sana cha kumbukumbu hii.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Mfugaji aliyeuza ekari tano ili kulipa karo hakufanya ujinga, wala hastahili kuhubiriwa abaki mhamaji kwa sababu ya zana za mawe. Na hakuna anayesema Wamaasai ni masalia ya kale. Ufugaji wenyewe ni mgeni mno ukiulinganisha na Olorgesailie. Ushahidi huu unahusu tabia ya ardhi, nayo haibagui mwenye hatimiliki mpya na wa zamani. Kama jamii nzima inafaidika na ardhi iliyo wazi, basi jamii imlipe anayeiacha wazi. Jambo hilo lilishajaribiwa: kuanzia mwaka 2000, familia za Kitengela zililipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili zisizungushie ua wala kuuza, na wanyama wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi wakapata pa kupita. Mpango ulipata taabu kwa sababu ulitegemea wafadhili, huku bei ya ploti ikipanda kila kukicha. Wazo halikuwa na kasoro. Mfuko ndio uliokuwa mdogo.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaidai kila kaunti mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10. Ninachotaka kutoka Kajiado ni kwamba mpango ujao usipitishwe kabla mtaalamu wa Makumbusho ya Taifa hajakaa na wapangaji na kuwaonyesha, wadi kwa wadi, maji yalikaa wapi na yalikwenda wapi. Mapito ya mifugo na wanyama yachorwe kwanza, ploti baadaye. Kingo za mito zitolewe kabisa kwenye soko. Na malipo ya ardhi wazi yaingie katika bajeti ya kaunti badala ya kungoja hisani. Kuna deni jingine pia. Nguzo ile ya udongo wa Koora ilikwenda kuchunguzwa Chuo Kikuu cha Minnesota, na ripoti zake zimeandikwa kwa Kiingereza cha wanasayansi. Sina ugomvi na hilo, kwani maabara hizo hatukuwa nazo. Lakini udongo ni wa Kajiado, na mfugaji wa Oltepesi anayeitwa kwenye kikao cha maoni ya umma ana haki ya kuyasikia matokeo yake kwa Kiswahili na Kimaasai kabla ya kuulizwa kama anaukubali mpango.