Unene Sio Kipimo

Vijana wenzetu, na nyinyi mnaofanya kazi na sisi humu kambini, leo tunataka kupinga neno moja tunalolisikia kila siku bombani: "Yule? Hana kitu yule, si unamuona alivyonawiri!"

Neno hilo limetuzikia rafiki. Tulivuka naye Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Fizi, tukiwa wadogo. Alikuwa golikipa wetu, kifua kipana, hachoki. Kila tukimwambia twende tukapime alicheka: "Nitapima siku nikiumwa." Siku ilipofika, kifua kikuu kilikuwa kimeshamla, na hata dawa hazikumuwahi. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yeye hakuficha kitu. Hakujua.

Angejuaje? Virusi vya UKIMWI havipigi hodi. Wiki 2 mpaka 4 baada ya kuambukizwa, wengi hupata homa, koo kuuma, vipele, matezi kuvimba. Sasa humu kambini nani hajawahi kushikwa na homa? Tunasema malaria, tunameza panadol, inaisha. Kumbe hapo ndipo virusi vinajaa sana kwenye damu na kuambukiza ni rahisi mno. Ukipima mapema hivyo, kipimo cha haraka kinaweza kisione kitu, maana mwili bado haujatengeneza kingamwili za kutosha. Ndio maana unaambiwa urudi baada ya miezi 3. Rudi!

Baada ya hapo ni kimya. Bila dawa, kimya hicho kinaweza kufika miaka 8 mpaka 10, kwa wengine pungufu. Unacheza mpira, unabeba kuni, unanenepa. Ndani, chembe za kinga zinazoitwa CD4 zinapungua polepole. Mtu mwenye afya huwa nazo kama 500 mpaka 1,500 kwenye kipimo cha damu. Zikishuka chini ya 200, hapo ndipo tunasema UKIMWI: kifua kikuu, utando mweupe mdomoni, homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo kuwa na virusi sio kuwa na UKIMWI. Katikati kuna miaka, na miaka hiyo ndiyo ya kuokoa mtu.

Tangu 2015, Shirika la Afya Duniani linasema anayekutwa na virusi aanze dawa, asingoje CD4 zishuke. Kwa wengi ni kidonge kimoja kwa siku. Ukimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, humwambukizi mwenzako kwa kujamiiana. Lakini havijaisha, vimejificha. Ukiacha dawa, ndani ya wiki chache vinaweza kurudi.

Sasa nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnasema vijana hawataki kupima. Sio kweli. Tunaogopa kuonekana. Benchi la wanaochukua dawa likiwa peke yake, kila anayepita anajua nani amekaa pale. Changanyeni foleni. Wekeni saa za jioni. Na mtu anapohama, awe anarudi Kongo au anahamishiwa kambi nyingine, apewe barua ya uhamisho na dawa za miezi kadhaa kabla hajapanda gari. Wapo walioacha dawa kwa sababu tu huko walikofika hawakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Na sisi vijana tuache kupimana kwa macho. Macho hayaoni CD4. Anayemeza dawa zake anaweza kuwa salama kuliko wewe unayemcheka na hujawahi kupima.

Jumamosi kabla ya mpira tunakwenda kupima, timu nzima, kuanzia golini. Tusingoje mpaka tukonde.