Rafu Haizai Kitabu

Wako wasemao kwamba ukuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupimwa kwa kimo cha majengo yake. Nakana. Chuo hiki kilizaliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU mjini, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Kikahamia Mlimani mwaka 1964. Mwaka 2018 ilifunguliwa huko maktaba, hiba ya China, yenye nafasi ya vitabu 800,000. Hiba njema haikataliwi, lakini rafu haizai kitabu. Kijana wa Manzese apandaye huko kutafuta elimu ya uhandisi bado hufundishwa kwa Kiingereza. Saruji imekwisha pata fungu lake. Waandishi na wafasiri wa Kiswahili nao wapewe lao. Nyumba isiyosema lugha ya wenyewe ni ya wageni, japo ufunguo tumeushika sisi.