MBWEHA TUNAMWONEA, SUMU ITATUMALIZA

Ndugu wanakijiji, ndugu wanaushirika,

Mkutano wa kijiji uliopita mlisikia wenyewe. Ililetwa hoja kwamba kila kaya ichange shilingi elfu moja, inunuliwe sumu, ipakwe kwenye nyama na kutegwa vichakani ili mbweha waishe. Mikono mingi ilinyooshwa juu. Mwenyekiti akasema jambo hili lisubiri mkutano ujao. Mimi Katibu wenu nilikaa kimya siku ile, na wengine wakauhesabu ukimya wangu kuwa ni kukubali. Hapana, sikukubali. Niliona aibu kusema, na aibu yenyewe nitaieleza hapa ili mnielewe.

Asiseme mtu kwamba Katibu haujui uchungu. Masika ya mwaka juzi nililiwa wana-mbuzi wawili na matetea watano. Nikakasirika. Nikachukua sumu iliyobaki ya kupulizia pamba, nikaipaka kwenye utumbo wa mbuzi, nikautupa nyuma ya zizi. Sikumwambia mtu, hata mama watoto sikumwambia. Asubuhi nilikuta nini? Mbwa wangu amekufa, mdomo umejaa povu. Tumbusi wawili wamelala chini, mabawa wazi. Na kipande kimoja cha utumbo mbwa alikuwa amekiburuta mpaka uani, pale pale ambapo mjukuu wangu wa miaka mitatu huchezea vumbi. Bahati mama watoto alikiona kabla ya mtoto. Usiku ule mbweha walilia kama kawaida yao. Hakufa hata mmoja.

Tangu siku hiyo nikisikia neno sumu moyo wangu unakwenda mbio. Hiyo ndiyo aibu yangu, na leo nimeibandika ukutani kila mtu aisome.

Sasa tuje kwenye hoja. Wenzetu wanasema: zamani wazee waliwinda, mbweha wakawa wachache, serikali imepiga marufuku uwindaji, ndiyo maana wamejaa. Maneno haya yanaingia kichwani haraka. Lakini tuyapepete kama tunavyopepeta mtama.

Ni kweli kwamba serikali iliufunga uwindaji nchini kuanzia 1973 hadi 1978. Ni kweli ikaja Sheria ya Wanyamapori ya 1974, na baadaye Sheria Na. 5 ya 2009, na kuwinda bila kibali ni kosa. Ni kweli pia kwamba Serengeti ni hifadhi ya taifa tangu 1951, na Mapori ya Akiba ya Grumeti na Ikorongo yalitangazwa 1994, kwa hiyo sisi wa upande huu wa Mara tunaishi jirani na wanyama wa porini. Yote hayo sawa. Lakini jamani, wazee wetu walikuwa wakiwinda nini? Walitafuta kitoweo: nyumbu, pofu, swala. Nani kati yenu aliwahi kula mchuzi wa mbweha kwa babu yake? Baba yangu alikuwa na gobori, na risasi ilikuwa ghali. Hakuipoteza kwa mbweha. Basi marufuku ilimkinga nyumbu zaidi kuliko ilivyomkinga mbweha.

Mimi nasema kilichobadilika ni sisi. Kaya zimeongezeka. Kuku wanalala juu ya miti na chini ya maghala. Ng'ombe akifa tunaburuta mzoga mpaka nyuma ya mashamba, tunauacha pale. Sikukuu ikipita, utumbo na mifupa vinabaki wazi siku tatu. Tumemwandalia mbweha karamu, halafu tunashangaa mgeni amefika.

Tena si sisi peke yetu tuliobishana juu ya jambo hili. Uingereza wanaye mbweha wao, yule mwekundu, naye ni mwizi wa kuku vilevile. Kwa miaka mingi walimwinda wakiwa juu ya farasi, na makundi ya mbwa mbele yao. Ilipopitishwa sheria ya 2004 ya kuzuia uwindaji huo, ikaanza kutumika England na Wales mwaka 2005, wako waliosema mashamba yatafurika mbweha. Lakini jibu lilikwisha kupatikana kabla ya sheria hiyo. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliingia kwenye mifugo yao, na uwindaji ukasimamishwa karibu mwaka mzima. Watafiti wakapita mashambani wakihesabu mavi ya mbweha, kabla na baada. Msicheke, ndiyo kazi yao. Matokeo yakachapishwa 2002: mbweha hawakuongezeka. Kumbe wale wenye farasi siku zote walikuwa hawawapunguzi.

Sababu yake nini? Twendeni hapa Serengeti kwetu. Miaka ya 1970 mama mmoja mtafiti, Patricia Moehlman, alikaa akiwachunguza mbweha wa mgongo mweusi. Aliona kwamba mume na mke huishi pamoja, wana eneo lao, na mgeni akiingia humfukuza. Watoto wao wakikua, baadhi hubaki nyumbani kuwasaidia wazazi kulea wadogo zao, na familia yenye wasaidizi hukuza watoto wengi zaidi. Basi fikirini. Ukiwaua wale wawili wenye eneo, umefungua mlango. Vijana wasio na kwao wataingia, na mwakani utakuta mbweha ni walewale kwa idadi, ila ni wageni wasioijua fimbo yako. Utanunua sumu tena. Kila mwaka elfu moja, na kila mwaka mbwa na tumbusi wanakufa.

Jambo jingine, ndugu zangu, hawa tunaowaita mbweha si namna moja. Yuko yule wa mgongo mweusi, na yuko wa miraba ubavuni. Hao kweli kuku watamla, na mwana-mbuzi akiachwa peke yake watamchukua. Lakini yuko na mdogo mwenye masikio makubwa kama majani ya mgomba na uso mweusi, mbweha masikio. Huyu chakula chake kikubwa ni mchwa na wadudu wengine. Meno yake ni mengi lakini madogo madogo, ya kutafuna wadudu. Nasi kila siku tunalia mchwa wamekula mahindi, mchwa wamekula nguzo za nyumba, halafu mla mchwa tunampiga mawe kwa sababu anafanana na mwizi. Huko ni kumfunga mtu kwa kosa la ndugu yake.

Na hata yule mwizi ana kazi yake. Anakula panya. Panya shamba jike hubeba mimba majuma matatu hivi, kisha huzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Siwadanganyi kwamba mbweha atamaliza panya wa ghala la ushirika. Hawezi. Lakini anafanya kazi hiyo usiku kucha bila posho, na tukimuua kazi inabaki kwetu.

Wako watakaosema: mbweha analeta kichaa cha mbwa. Hili si la mchezo, tuliseme sawasawa. Mbweha anaweza kuugua, na akiugua anaweza kuuma. Lakini utafiti uliofanywa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro umeonyesha kwamba anayeufuga ugonjwa huu ni mbwa wa nyumbani, mbwa wetu sisi. Wanyama wa porini huambukizwa kutoka kwake. Na si kichaa peke yake. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine uliotoka kwa mbwa wa vijijini uliwapata simba wa Serengeti ukaua kama theluthi moja yao. Kwa hiyo kama kungekuwa na baraza la wanyama, mbweha ndiye angetushtaki sisi.

Dawa ya kichaa ni chanjo. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia. Na mtu akiumwa, aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akapate sindano. Asingoje dalili, kwa maana dalili zikianza mgonjwa haponi.

Mimi ni mtu wa kisomo. Herufi nilizijua ukubwani, tayari nina watoto wawili, darasani jioni kwa taa ya chemli. Mwalimu wetu alituambia tukisoma tuulize, na tukiuliza tufanye. Nimesoma, nimeuliza, sasa napendekeza tufanye hivi:

Kwanza, ile elfu moja tuichange, lakini isinunue sumu. Iende kwenye siku ya chanjo ya mbwa. Tumwombe Bwana Mifugo aje, na kila mwenye mbwa amlete amefungwa kamba. Mbwa asiye na mwenyewe tushauriane na Bwana Mifugo afanywe nini.

Pili, kuku walale ndani. Banda la fito na udongo halihitaji fedha, linahitaji mikono. Wajane na wazee wasio na nguvu, vijana wa ushirika wawajengee Jumamosi moja.

Tatu, wana-mbuzi wasiachwe na mbuzi wakubwa zizini usiku. Wawekwe chumba chao, na boma lizungushiwe miiba mpaka chini kabisa, maana mbweha haruki tu, anapenya na kuchimba.

Nne, mizoga na utumbo tufukie shimo refu. Asiyefukia, serikali ya kijiji imwite.

Tano, mfugo ukiliwa tuangalie vizuri nani kala kabla ya kuhukumu. Yuko fisi, yuko mbwa koko, yuko kicheche, yuko mwewe. Na yuko mwizi wa miguu miwili, ambaye huyu mbweha amemsitiri miaka mingi.

Sita, mnyama akituvamia kweli, sheria inamruhusu mtu kujitetea na kutetea mifugo yake, lakini ni lazima atoe taarifa, na mzoga ni mali ya serikali. Kutega sumu si kujitetea. Ni kosa, na anayekamatwa atajibu yeye, si mkutano wa kijiji.

Najua wako watakaosema Katibu anawatetea wanyama na kuwasahau watu. Najua kwamba kifuta jasho kimewekwa kisheria kwa uharibifu wa wanyama wakali, lakini nani atapanda basi mpaka Bunda kudai kuku watatu? Hasara ya mbweha inabaki mikononi mwa maskini, mama mwenye matetea manne ambayo ndiyo sare ya shule ya mtoto wake. Uchungu wake ni wa haki. Lakini sumu haitamrudishia matetea. Banda litamlindia yale yaliyobaki.

Mkutano ujao hoja hii itarudi. Safari hii Katibu hatanyamaza. Na yeyote atakayenyoosha mkono kuunga mkono sumu, namwomba kwanza apite nyumbani kwangu. Nitamwonyesha mahali nilipomzika mbwa wangu, na hatua ngapi kutoka pale mpaka uani anapocheza mjukuu wangu. Nimezihesabu. Ni kumi na mbili.

Ni mimi,
Katibu wenu wa Tawi