MWACHENI KIJANA ATENGENEZE HELIKOPTA YAKE



Ndugu yangu katika imani, juzi baada ya swala ya Isha hapa Mwanjelwa, baba mmoja alinishika mkono akaniomba nikamkanye mwanawe. Kijana yuko kidato cha nne, anatengeneza helikopta ndogo ya rimoti. Baba anasema ni upuuzi, na asipoacha atayachoma moto makorokoro yote.

Nilikwenda nikaona. Nawe ona kwanza kabla hujahukumu.

Mapanga mawili ya juu ameyachonga mwenyewe kwa mbao. Moja likizidi uzito kidogo tu, chombo kizima kinatetemeka mpaka skrubu zinalegea. Basi anapiga msasa, anapima, anapiga tena. Mapanga yakizunguka upande huu, mwili wa chombo unataka kuzunguka upande ule, ndiyo maana kuna panga dogo mkiani la kuuzuia. Tena Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi. Chombo kinachoinuka vizuri Dar es Salaam huku kinaweza kugoma, mpaka mapanga yarefushwe au yaongezewe kasi. Ana mwenzake Iringa, nako ni mlimani, wanasumbuka na jambo hilo hilo kwa simu kila siku.

Huo ndio upuuzi? Fungua Surat Sabai, aya ya 10 na 11. Allah anamlainishia Nabii Daud (a.s.) chuma, anamwamrisha atengeneze deraya na apime sawasawa pete zake. Nabii anafundishwa vipimo! Na Nabii Nuhu (a.s.), soma Surat Hud, wakubwa wa watu wake walimcheka kila walipompita akiunda safina. Simlinganishi kijana na Mitume, haasha. Nasema kicheko si hoja.

Na kucheka tunakujua sana. Picha za yule fundi wa Tunduma aliyejiundia helikopta zilipozunguka mitandaoni, wangapi tulicheka? Halafu kwenye mihadhara tunajivunia Abbas ibn Firnas, Mwislamu wa Cordoba, karne ya 9, aliyejaribu kuruka kwa mbawa. Inasimuliwa kwamba aliumia akitua kwa kuwa hakujiwekea mkia. Tunampenda kwa sababu yuko mbali. Angekuwa mtoto wetu tungemchomea mbawa zake.

Baba naye ana haki yake, nikaisema mbele ya kijana. Adhana ikisikika, rimoti chini. Asirushe penye watoto, panga lile linakata kidole. Betri za lithiamu zikitoboka huwaka, asizichaji huku amelala. Na kabla ya kurusha aulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga, maana vyombo vya kuongozwa kwa rimoti vina kanuni zake tangu 2018.

Kijana alikubali yote. Baba alinyamaza kitambo, kisha akauliza betri ni shilingi ngapi.

Kilichobaki ni mizani. Ile ya dukani kwa mama yake ni ya viazi, haioni nusu gramu. Ninyi wa Chunya mnaopima dhahabu, mwenye mizani ndogo asiyoitumia aniandikie inboksi.