Bamba la Goti la Mbwa, Nani Amelipima?

Wasee, leo tunaongea vyuma. Si vile vya jimu. Ni vile daktari anaweka ndani ya goti la mbwa, na maneno yangu ni haya: yeyote anayeuza bamba la kushikilia mfupa wa mbwa alazimishwe kulipima na kuanika matokeo kabla hajauza hata moja. Marekani, ambako upasuaji ninaozungumzia ulianzia, halazimishwi. FDA, wale wanaokagua vifaa vya hospitali za watu, hawadai kifaa cha mnyama kipate idhini yao kabla ya kuingia sokoni. Kikileta shida, wanaweza kuingilia. Yaani kikishakuwa ndani ya mbwa.

Hebu kwanza uelewe goti lenyewe, juu hapa ndipo utamu uko. Mbwa husimama goti likiwa limekunjwa. Upande wa juu wa mfupa wa muundi una mteremko wa kama digrii 25, na kila akikanyaga, mfupa wa paja unataka kuteleza kurudi nyuma kwenye huo mteremko. Kinachouzuia ni kano moja ndogo ndani ya goti, ile ile inayomalizia wachezaji wa mpira msimu. Mchezaji yake hukatika kwa ajali. Ya mbwa mara nyingi hulika polepole kama kamba ya kuanika nguo, hadi siku moja anaruka tu kutoka kwa kiti na imeenda.

Daktari mmoja wa Oregon, Barclay Slocum, hakuhangaika kushona kano. Alibadilisha mteremko. Kwa mbinu aliyoichapisha 1993, inayoitwa TPLO, unakata kichwa cha muundi kwa msumeno wa mviringo, unakizungusha hadi mteremko ubaki kama digrii 5, kisha unakifunga kwa bamba na skrubu. Manze, hiyo ni akili.

Lakini angalia kazi ambayo bamba limepewa. Mfupa umekatwa makusudi, utachukua kama wiki 8 kuungana, na mgonjwa haelewi neno "pumzika". Hana magongo. Kesho yake tu anakanyaga, na akiona paka, wewe jua.

Bamba la kitambo lilishika kwa kukandamizwa kwenye mfupa, kwa hivyo daktari alilikunja lifuate umbo la mguu. Akikosea kidogo, akikaza skrubu, mfupa unavutwa unahama. Siku hizi kuna mabamba ambayo kichwa cha skrubu kina nyuzi zinazojifunga kwenye bamba lenyewe. Poa sana, ila sasa mchoraji wa bamba ndiye ameamua skrubu itaelekea wapi. Bamba likikaa vibaya kwa milimita chache, skrubu inaweza kuingia ndani ya goti. Likiwa gumu kupita kiasi, mfupa unazembea kwa sababu chuma kinafanya kazi yote. Likiwa jembamba sana, linakunjwa kila hatua hadi livunjike kama waya. Na nyuzi za kampuni moja si lazima zishike skrubu za nyingine. Kwa picha utaapa ni kitu kimoja.

Mwanzoni Slocum alikuwa na hataza, yaani haki ya kuimiliki mbinu peke yake, na daktari alisomea kozi kwanza. Hataza ilipoisha, watengenezaji wakajaa. Sisemi enzi ile ilikuwa ya malaika. Mwaka 2005 watafiti waliripoti mbwa aliyepata saratani ya mfupa miaka 5 na nusu baada ya TPLO, na walipochunguza bamba lake, lililotengenezwa kwa kumimina chuma kwenye kalibu, wakakuta chuma hakiko sawa pote. Mbwa mmoja hathibitishi kwamba bamba ndilo lilileta saratani. Kinachoniuma ni kwamba chuma kilichunguzwa baada ya mbwa kuugua.

Kuna mtu tayari anaandika, "Ni mbwa tu." Buda, viungo vya nyonga vya binadamu vimejaribiwa kwa mbwa miaka mingi. Nyonga ya shosho wako ina deni hapo. Hoja ya bei ndiyo ninaiheshimu: ukikaza sheria sana, bamba linapanda bei, na mwenye mbwa akishindwa kulipa, mbwa anadungwa sindano ya mwisho. Ndiyo maana siombi utafiti wa miaka kumi. (Niliacha chuo, lakini hesabu bado najua.) Mainjinia tayari wana mashine inayokunja bamba tena na tena, maelfu kwa maelfu ya mara, hadi livunjike. Liweke hapo. Andika limevunjika mara ya ngapi, ni chuma gani, limetengenezwa na nani, linaenda na skrubu zipi. Kisha hiyo karatasi iwekwe mtandaoni mahali daktari na mwenye mbwa wataiona kabla ya msumeno kuwashwa.