Kabla ya kupakia mzigo, soma leseni ya dereva

MFANYABIASHARA wa vitunguu anayetafuta lori la kwenda Nairobi huuliza mambo mawili: nauli na siku ya kuondoka. Ni wachache wanaomwambia dereva, "Ndugu yangu, hebu nione leseni yako." Wengi tunadhani hiyo ni kazi ya trafiki na mwenye gari. Mimi nasema ni yetu pia, kwa sababu mali iliyopakiwa ni yetu.

Hapa Tanzania, leseni daraja A na matawi yake ni ya pikipiki. B ni ya gari la binafsi. C, pamoja na C1, C2 na C3, ni ya magari ya abiria. D inaruhusu gari la biashara, lakini si lori zito wala gari la abiria. Dereva wa lori zito anatakiwa awe na E.

Kasheshe inaanza ukivuka mpaka, kwa sababu herufi hizo hizo zinabadilika maana. Kenya, C ndiyo ya malori na CE ni ya lori zito lenye tela. D kwao ni ya abiria. Afrika Kusini, lori zito lenye tela ni EC. Marekani ndiyo wamegeuza kabisa: A, ambayo kwetu ni ya bodaboda, kwao ni ya matrela makubwa.

Sasa chukulia umekodi lori la Kenya. Dereva anakuonyesha D, nawe unaridhika ukijua D ni ya biashara. Kumbe huyo kasomea kubeba abiria! Lori likipinduka, kampuni ya bima itataka kujua kama dereva aliruhusiwa kuendesha gari la aina ile. Kama hakuruhusiwa, inaweza kukataa kulipa. Mtaji wa msimu mzima unabaki mtaroni.

Ushauri wangu ni huu. Soma madaraja yote yaliyoandikwa kwenye leseni, ukifuata maana ya nchi iliyoitoa. Angalia tarehe ya kuisha. Kisha andika namba ya leseni na namba ya gari kwenye makubaliano yenu, hata kama ni karatasi ya daftari, na wote mtie saini.

Wakubwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nao wana la kufanya. Kwa sheria yao ya mwaka 2016 walikubaliana kuwa lori na mzigo wake visizidi tani 56. Kama wameweza kuwianisha mizani, wanashindwaje kuwianisha herufi chache za leseni?

Wakati tukiwasubiri, tusione haya kuuliza. Dereva mwenye leseni sahihi hatakasirika. Anayekasirika, mwache aende na lori lake tupu.